Droni Niliyoichagua kwa Ajili ya Shamba la Bibi

Muuzaji wa kwanza niliyempigia simu, wa Dar es Salaam, aliniambia droni zote ni zilezile, kinachotofautiana ni mfuko wa mnunuzi. Nikamwuliza kama ya kwake inaweza kuruka yenyewe kwa kufuata pointi nitakazoiwekea. "Dada, ina GPS hiyo," akasema, "inarudi yenyewe." Nikamwambia mbuzi wa mjomba wangu nao wanarudi wenyewe kila jioni na hawana GPS. Alicheka. Mimi nilikata simu kwa hasira ambayo yeye, maskini, hakuwa ameistahili.

Kwa asiyezijua droni, niseme hivi. Nyingi za bei ya kawaida hutumia GPS kukumbuka zilikopaa tu, ili zikipoteza mawasiliano zirudi. Ya kuchorea ramani inatakiwa ijue zaidi ya hapo. Unakaa chini na simu yako, unaweka pointi kwenye kona za shamba, programu inakuchorea mistari ya kwenda na kurudi kama matuta ya muhogo, kisha unabonyeza. Inapanda, inafuata mistari, inapiga picha bila kuruka hata tuta moja. Wewe unabaki umesimama na rimoti mkononi, macho juu, huna la kufanya mpaka irudi. Wengine wanaipenda hali hiyo. Mimi sijawahi kuipenda, ingawa ndiyo inayonilisha hapa Nachingwea. Nimehesabu mikorosho ya watu kwa droni ya kukodi huko Ruponda na Mkotokuyana mpaka naiota.

Safari hii droni ilikuwa ya kununua kabisa, na shamba lilikuwa la kwetu. Kijiji alichozaliwa mama yangu kiko upande wa Ruangwa, na chini ya kijiji hicho kumepatikana madini ya kinywe, yale meusi yanayochafua vidole kama risasi ya penseli. Watu walitakiwa kuhama. Makubaliano yalikuwa kwamba kila kitakachoonekana kwenye ramani kitatambuliwa: nyumba, kisima, mkorosho, kaburi. Makaburi yangehamishwa na wenyewe, kwa sanda na kwa dua, kabla mashine hazijaingia. Kisichokuwa kwenye ramani hakingesubiriwa na mtu.

Wanakijiji hawakutaka kuandikiwa mali zao na mgeni. Walikubaliana wachore ramani yao wenyewe, ili zikikaa meza moja na ile ya kampuni ya madini waweze kubishana. Mjomba wangu, kaka yake mama, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati. Akasimama mkutanoni akasema mtaalamu wa nini, mtoto wetu yupo. Nikapigiwa simu niichague droni, niirushe, na nisiwaangushe.

Ambalo mjomba hakulijua ni kwamba mwanangu amezikwa katika lile shamba, na mimi mama yake sijui ni mahali gani.

Kwetu mimba ya kwanza mtu anarudi kuzalia kwao. Nami nilirudi, kwa bibi mzaa mama, kwa kuwa mama alikuwa ameshafariki. Uchungu ulinishika wiki ambayo barabara haipitiki, nikajifungulia palepale nyumbani, mikononi mwa bibi na mama mkubwa. Alikuwa wa kike. Hakulia. Nilimwona masikio na upande wa shavu tu, kisha akafunikwa khanga.

Mtoto asiyelia hana matanga. Wanaume hawaitwi wala hawaambiwi. Wakiona wanawake wamenyamaza, wanajua na wao wanyamaze. Wanawake wakubwa ndio wanaochukua, wanakwenda kuzika karibu na nyumba, wanarudi, wananawa, wanapika uji. Hakuna alama. Na mwenye mtoto, aliyelala ndani, naye haonyeshwi. Atakuja kuonyeshwa siku atakapozaa mwingine aliye hai, akiwa amembeba mgongoni. Kabla ya hapo, wanasema, akipajua atakwenda kukaa pale, na tumbo litakaa pale pamoja naye.

Sikuzaa mwingine. Mume wangu tuliachana baadaye kwa sababu ambazo si za leo. Bibi akafa. Kwa hiyo nikabaki na mtu mmoja duniani anayejua, naye ni mama mkubwa, na sharti la kuniambia lilikuwa limepitwa na umri wangu.

Sasa mtu ataelewa kwa nini nilichagua droni kwa ukali ule. Kamati walidhani ninatafuta ya kuchora ramani, na kweli nilikuwa natafuta hiyo. Lakini nilikuwa nimesoma mahali kwamba ardhi iliyowahi kuchimbwa haisahau. Inabonyea kidogo kuliko jirani yake, au nyasi zake zinawahi kuchipua mvua ya kwanza ikinyesha. Ukipiga picha mahali hapo wakati wa kiangazi, kisha upige tena baada ya mvua, kwa pointi zilezile na urefu uleule, ukazilinganisha, udongo unaweza kujisema wenyewe. Mama mkubwa akatae, bibi awe amekufa, udongo ungesema. Ndivyo nilivyojidanganya, na nilijidanganya kwa bidii.

Basi nikawa mteja msumbufu. Droni moja nilipewa niijaribu nikaikataa kwa sababu pointi zake huwezi kuziweka ukiwa umekaa. Lazima kwanza uipeleke kwa mkono mpaka kila pointi, uihifadhi, ndipo irudie. Sasa kama ninajua kuipeleka kwa mkono, ya nini kujirusha yenyewe? Nyingine ilitaka intaneti kila unapofungua ramani, na kwenye kijiji chetu mtandao unaupata ukipanda kichuguu, tena kwa upande mmoja. Ya tatu ilikuwa nzuri lakini ilishika urefu mmoja kuanzia ilipopaa. Ardhi ya kwetu ina mabonde na vilima, hivyo ingekuwa huku inapiga picha kutoka mawinguni na kule inafagia majani. Mjomba yeye alivutiwa na ile ya kunyunyizia dawa, kubwa kama meza, kwa hoja kwamba watu wa kampuni wakiiona watatuheshimu. Nilimwambia hiyo inabeba dumu, haibebi ramani. Akasema, "Lakini ina umbo, mwanangu."

Nilichochagua mwishoni ni kidogo, cha kijivu, kinachobebeka kwenye begi la shule. Kinatunza mistari yake chenyewe hata simu ikizima. Kinapanda na kushuka kufuata kilima. Ukikiambia rudia kazi ya mwezi wa nane, kinairudia bila kukosea mti. Tulihangaika na vibali mpaka nikazeeka kidogo, navyo vikapatikana. Kamati walikuja kukipokea pale stendi ya Ruangwa na kukitazama kwa masikitiko ya watu waliotarajia ng'ombe wakaletewa sungura.

Nilikirusha juu ya kijiji chote kwanza, kama nilivyotumwa. Visima vilionekana, mapaa ya bati na ya nyasi yalionekana, na makaburi ya ukoo, yale yenye saruji na yale ya kawaida, yalionekana kwa kuwa yamefyekwa vizuri. Watu walifurahi kujiona kutoka juu. Mama mmoja aliniomba nimkuzie picha ya banda lake la kuku, akaitazama muda mrefu, akaniambia kumbe amelijenga upande.

Shamba la bibi nililiacha la mwisho. Nilikwenda peke yangu, nikaweka pointi zangu kwenye eneo la nyuma ya mahame, pale palipokuwa na nyumba ya bibi. Siku zile nilipojifungua pale palikuwa na kichaka tu. Sasa ni mikorosho imesimama safu kwa safu, matawi yamekutana, mengine yameinama mpaka chini. Nilishusha urefu kadiri kilivyokubali, nikapunguza mwendo, nikabonyeza.

Hakuna unyonge kama ule. Kimepanda, kimeshika mstari wa kwanza, kinavuma kama nyigu aliyeingia chumbani, na mimi ndiye mtaalamu na sina kazi. Nilikifuata kwa macho na moyo wangu ukawa unakiambia angalia hapo, hapo, angalia vizuri. Hakiangalii vizuri wala vibaya. Kinapiga picha pale kilipoambiwa. Kilimaliza, kikarudi, kikatua mbele ya miguu yangu.

Picha zilikuwa majani matupu. Majani ya mikorosho, kijani juu ya kijani, yakiwa yamefunga kila kitu. Mimi niliyehesabu mikorosho ya wilaya nzima nilikuwa najua fika kwamba mkorosho haukuonyeshi miguu yake. Nilijua, na bado nilikuwa nimetumaini.

Nikasubiri mvua. Mvua zilipoanza nikarudia kwa pointi zilezile, na droni ikafanya yale niliyoichagulia bila kosa hata moja. Majani yalikuwa yameoshwa yakawa safi zaidi. Nilikaa pale chini kwenye tope nikalia, nikiwa nimekikumbatia kidude kile ili kisilowe, maana kilikuwa cha kijiji.

Hapo ndipo nilipokwenda Mnero, anakoishi mama mkubwa kwa binti yake. Nilimkuta nje anapepeta ufuta. Nilimwamkia, nikakaa kwenye mkeka, nikasubiri amalize kuniuliza habari za mjini.

"Mama mkubwa, kule watu wote wanahama. Wanahama mpaka na wafu wao."

"Nimesikia."

"Na wa kwangu?"

Ungo ukaendelea. Akapuliza makapi.

"Wewe ushazaa tena?"

"Unajua sijazaa."

"Haya basi."

"Sitazaa, mama mkubwa. Niangalie. Nimeota mvi."

Akaweka ungo chini, na hakuniangalia. "Hayo umeyasema wewe," akasema. "Mimi kinywa changu hakiyasemi. Nikikuonyesha leo, nimekwambia umekwisha. Unataka niwe mimi wa kukwambia umekwisha?"

 Watu husema mficha uchi hazai, nami nilikuwa nimemvulia kila kitu na bado. Nikamweleza habari za droni, za picha za kiangazi na za masika, nikimtisha kitoto kwamba hata asiposema kaburi litaonekana tu. Alinisikiliza kwa huruma kubwa, na huruma hiyo iliniudhi kuliko kukataliwa.

"Usihangaike na kidude chako, mwanangu. Hakiwezi kuona. Siku ile bibi yako alituchimbisha mashimo. Kile kichaka chote cha nyuma tulikifyeka, tukachimba mashimo ya mikorosho, mimi na wenzangu ambao sasa ni marehemu, yaliyo marefu kama yanavyotakiwa, kwa safu. Katika shimo moja ndimo alimowekwa mtoto. Yote yakafukiwa, yote yakapandwa. Bibi yako alisema, huyu mkaidi, hata tukimficha vipi atakuja kupatafuta. Ataukuta udongo wote umechimbwa."

"Shimo lipi?"

"Mimi sijui. Siku nyingi hizo."

Nilirudi Nachingwea nikiwa nimeshikilia begi la droni magotini, barabara inatutupa huku na huku. Nilikuwa nimekwisha kuihesabu ile miti. Kila mkorosho wa shamba lile ulikuwa kwenye ramani yangu, kwa kitone cha kijani na namba yake, kwa usahihi ambao nilijivunia mbele ya kamati. Nilikuwa nimemwekea mwanangu pointi. Nilimwandika mkorosho, nikampa namba, nikapita kwa mwenzake. Na miaka yote ile, msimu wa korosho nikienda kumsalimu bibi, nilikuwa nikiokota mabibo chini ya miti ile, nakula, utomvu unanidondoka mpaka kwenye viwiko. Bibi alikuwa ananitazama. Namkumbuka akinitazama.

Nilijaribu jambo moja zaidi. Nilimwendea mjomba nikamwomba shamba lile lote liingizwe kama makaburi.

"Makaburi ya nani?" akauliza. "Ukoo wetu wote uko kule kwenye mwembe mdogo. Kule nyuma hatujazika mtu."

"Kuna mambo ya wanawake, mjomba."

Alielewa. Niliona jinsi alivyoelewa, kwa sababu alianza kukuna goti lake ambalo halikuwa linawasha. 

"Basi mimi sijayasikia," akasema taratibu. "Na kama sijayasikia, siwezi kuyasema mezani. Wakiniuliza yuko wapi, niwaonyeshe nini?"

Nilimchukia, kisha nikashindwa kuendelea kumchukia, maana swali lake ndilo langu. Kwenye programu ninayotumia kaburi huingizwa kwa pointi moja. Siwezi kuweka shaka yangu juu ya shamba zima nikaiita kaburi. Watu wa kampuni wangetaka kufukua, na wangefukua chini ya kila mti mbele ya wanaume wote wa kijiji, wakitafuta kitu ambacho mama mkubwa aliniambia wazi siku ile ya Mnero kwamba hakifukuliwi. Aliyerudi alikotoka bila kulia, alisema, ukimtoa unamwita mara ya pili, na safari hii atakuja kumchukua mtu. Siyaamini sana mambo hayo. Sikuthubutu kuyakanusha pia. Ramani ikapelekwa ilivyo, ikasifiwa.

Siku ya kuhamisha makaburi familia zilikuja na sanda zao. Chini ya mwembe mdogo kulikuwa na dua, majembe, na wanaume waliovua viatu. Bibi alihamishwa siku ile, na mama pia. Nilishika pembe ya sanda ya mama. Baada ya hapo watu walikwenda kunawa, mimi nikaondoka kimya kuelekea kwenye mahame, kwa kuwa kesho yake mikorosho ingeangushwa.

Mama mkubwa alikuwa ameshafika. Alikuwa ameketi pembeni ya shamba juu ya jiwe la kusagia la bibi, lililobaki pale, miguu ameinyoosha.  Nilianza safu ya kwanza. Nilishika kila shina kwa kiganja, nikainama chini ya matawi, nikaenda mpaka mwisho wa shamba, nikageuka, nikashika safu ya pili. Sikuwa na dua ninayoijua ya jambo kama lile. Nilikuwa nasema tu, ni mimi, ni mimi, kwenye kila mti, mpaka maneno yakakauka mdomoni na khanga yangu ikachanika kwenye tawi.

Sijui nilikuwa safu ya ngapi nilipoinua macho kumtafuta mama mkubwa. Alikuwa amegeuka. Alikuwa ameligeuzia shamba mgongo kabisa, ameuinamisha uso wake kwenye mapaja na kujifunika kichwa kwa mtandio. Nikasimama pale mkono wangu ukiwa kwenye shina. Mtu asiyejua hana sababu ya kuuficha uso wake. Angekuwa hajui, angenitazama tu kama watu wanavyomtazama mtu anayehangaika.

Nilimalizia safu zilizobaki. Nilishika kila mti, wa mwisho ulikuwa mdogo, umedumaa, na nikaushika sawa na wengine. Kisha nikaja kusimama mbele yake.

"Nimemfikia?" nikauliza.

Alifunua kichwa. Akanyoosha mkono nimsaidie kuinuka.

"Umemfikia," akasema. "Ukampita. Twende nyumbani, mwanangu."